Sahani, Hedhi na Mfupa: Historia ya Msichana Mkimbiaji

Historia ya wanawake katika mbio za masafa ya kati na marefu imeandikwa zaidi kwa saa na kwa medali, ilhali sehemu yake iliyo nzito kuliko zote kwa afya ya mabinti imefichika mahali pawili ambapo waandishi wa michezo hawakuzoea kuchungulia, yaani kwenye sahani na ndani ya mfupa. Kwa muda wa zaidi ya nusu karne mwanamke alizuiwa kukimbia mbali kwa hoja kwamba mwili wake haukuumbwa kwa kazi hiyo. Na alipofunguliwa mlango, mwili huohuo ukasifiwa kwa kadiri ulivyokonda, na kukatika kwa hedhi kukahesabiwa kuwa dalili ya mazoezi mazuri. Makosa hayo mawili ni ya ukoo mmoja, kwa kuwa yote mawili yaliuhukumu mwili wa msichana bila kuupima. Kipimo kilipokuja hatimaye, kilionyesha kwamba mfupa wa mkimbiaji kijana mara nyingi huvunjwa zaidi na uchache wa chakula kuliko wingi wa mbio.

Kosa la kwanza lina tarehe yake. Katika Michezo ya Olimpiki ya Amsterdam ya mwaka 1928, ambako wanawake walishindana katika riadha kwa mara ya kwanza, mbio za mita 800 zilifikisha wakimbiaji tisa kwenye fainali, na Lina Radke wa Ujerumani akashinda kwa dakika 2 na sekunde 16.8, muda uliokuwa rekodi ya dunia, akifuatwa na Kinue Hitomi wa Japani. Wote tisa walimaliza. Baadhi yao walijilaza kwenye nyasi baada ya kuvuka mstari, kama wafanyavyo wanaume hadi leo wanapomaliza umbali huo, lakini magazeti ya Ulaya na Marekani yaliwasimulia wasomaji habari za wanawake waliozimia na kulia njiani, na viongozi wa riadha wakazipokea habari hizo kama ushahidi wa kitabibu. Mbio za mita 800 za wanawake ziliondolewa kwenye Olimpiki, zisirudi hadi Roma mwaka 1960, na kwa miaka 32 hiyo hapakuwa na mwanamke aliyeruhusiwa kukimbia hata mizunguko miwili ya uwanja katika mashindano hayo makubwa kuliko yote.

Mlango ulipofunguka, ulifunguka polepole. Mwaka 1966 Roberta Gibb alikimbia marathoni ya Boston bila namba, mwaka uliofuata Kathrine Switzer akaikimbia akiwa na namba aliyojiandikishia kwa herufi za kwanza za jina lake, na ni mwaka 1972 tu ambapo wanawake walikubaliwa rasmi katika mbio hizo. Mwaka huohuo mita 1500 za wanawake ziliingia Olimpiki mjini Munich, na Marekani ikapitisha sheria iliyozilazimu shule na vyuo vinavyopokea fedha za serikali kutowabagua wasichana, sheria ambayo ndani ya muongo mmoja iliwatia maelfu ya mabinti katika timu za mbio. Marathoni ya Olimpiki kwa wanawake ilisubiri hadi Agosti 1984, Joan Benoit alipoingia peke yake katika uwanja wa Los Angeles na kumaliza kwa saa 2, dakika 24 na sekunde 52.

Tiba haikuwa imejiandaa kwa ujio huo, ingawa vipande vya maarifa yaliyohitajika vilikuwapo tayari, kila kimoja mahali pake. Mwaka 1855 daktari wa jeshi la Prussia aliyeitwa Breithaupt alieleza uvimbe na maumivu ya mguu wa askari waliotembea safari ndefu, na baada ya kugunduliwa kwa eksirei mwaka 1895 ikaonekana kwamba ndani ya uvimbe ule kulikuwa na mfupa ulioatuka. Huo ndio mpasuko wa uchovu, yaani ufa mwembamba unaotokea katika mfupa usioanguka wala kugongwa, bali uliopigwa ardhini mara nyingi mno kabla ya kupata nafasi ya kujijenga upya. Kipande cha pili kilitoka Boston, ambako karibu na mwaka 1940 daktari Fuller Albright aliona kwamba wanawake waliokoma hedhi walipatwa na osteoporosisi, yaani hali ya mfupa kupungukiwa madini mpaka ukawa na vishimo kama sifongo na kuvunjika kwa jambo dogo, akaihusisha hali hiyo na kupungua kwa estrojeni, homoni inayotoka hasa katika vifuko vya mayai ya kike. Aliyefikiria askari hakumfikiria msichana, na aliyefikiria bibi wa miaka 60 hakumfikiria mjukuu wake anayekimbia.

Mfupa, ambao jicho huuona kama jiwe, ni kitu hai kinachobomolewa na kujengwa kila siku na aina mbili za seli, na estrojeni ndiyo inayozizuia seli zibomoazo zisipite kiasi. Katika ujana ujenzi hushinda ubomoaji kwa mbali, hata ikakadiriwa kwamba takriban robo ya madini ya mifupa ya mtu mzima huwekwa ndani ya miaka miwili tu ya kubalehe, na baada ya miaka ya ishirini kinachobaki ni kuitunza akiba iliyokwisha kuwekwa. Msichana anayekosa hedhi akiwa na miaka 15 au 17 anapoteza kidogo alichonacho, na zaidi ya hapo anapitwa na msimu wa kupanda ambao haurudi. Kukimbia kwenyewe, kwa mwili ulioshiba, ni mbolea ya mfupa, kwa sababu mshindo wa mguu ardhini huziamsha seli zijengazo, na hilo ndilo lililowachelewesha wataalamu, waliotarajia kuwakuta wakimbiaji wote wakiwa na mifupa imara.

Katika miaka ya 1970 habari za wakimbiaji waliopitwa na miezi, hata miaka, bila kuona siku zao zilikuwa za kawaida katika timu za wanawake, na maelezo yaliyokubalika zaidi yalikuwa yale ya Rose Frisch na Janet McArthur, walioandika mwaka 1974 kwamba msichana huhitaji mafuta ya mwili yapatayo asilimia 17 ya uzito wake ili avunje ungo, na asilimia 22 ili hedhi yake idumu. Nadharia hiyo ilikuwa na heshima yake, kwa kuwa ilikuwa miongoni mwa zile zilizoihusisha hedhi na lishe kwa hesabu, lakini ilielekeza macho yote kwenye mizani. Makocha wengi, kwa upande wao, waliona hapana shida yoyote: hedhi ilikuwa imeondoka, ingerudi msichana akiacha mbio, na kwa wengine kutokuja kwake kulikuwa ni usumbufu mmoja umepungua. Fikra hiyo ndiyo iliyowadhuru mabinti wengi kuliko marufuku ya 1928, kwa maana marufuku iliwanyima mbio tu.

Mwezi uleule wa Agosti 1984 ambao Benoit alishinda, jarida la tiba la New England lilichapisha utafiti wa Barbara Drinkwater na wenzake wa Seattle, utafiti mdogo kwa idadi ya watu na mkubwa kwa matokeo. Drinkwater aliwachukua wanariadha 14 waliokosa hedhi, wengi wao wakimbiaji na wachache wapiga makasia, akamlinganisha kila mmoja na mwenzake mwenye hedhi ya kawaida aliyekaribiana naye kwa mchezo, umri na uzito, kisha akapima wingi wa madini katika mifupa yao kwa mashine ya miale. Kwenye mfupa wa mkono karibu na kiganja, mahali palipozoeleka kupimwa zamani kwa urahisi wake, makundi mawili hayakutofautiana, na lau angeishia hapo, jambo lingezikwa tena. Alipopima pingili za uti wa mgongo, ambazo ndani yake ni mfupa wenye matundu unaobadilika upesi, tofauti ikatokea wazi: wanawake wasio na hedhi, ambao wastani wa umri wao ulikuwa miaka 24.9, walikuwa na migongo yenye madini sawa na ya wanawake wa miaka 51.2. Estrojeni katika damu yao ilikuwa kama theluthi tu ya ile ya wenzao.

Tarakimu hizo mbili za umri zilisema kwa lugha ambayo hata asiye daktari aliielewa, na zilifuta dhana ya kwamba kukosa hedhi ni jambo la kupita. Miaka miwili baadaye Drinkwater aliwapima tena baadhi ya wanawake wale, akakuta kwamba waliorudiwa na hedhi, aghalabu baada ya kupunguza mazoezi na kuongeza uzito kidogo, walikuwa wameongeza madini ya uti wa mgongo kwa karibu asilimia 6 katika muda wa mwaka mmoja na ushei. Habari ilikuwa njema, ila haikuwa kamili, kwani ufuatiliaji wa baadaye ulionyesha kwamba waliokaa muda mrefu bila hedhi hawakuwafikia wenzao.

Lilibaki swali la chanzo, nalo lilijibiwa kwa subira ya miaka mingi na Anne Loucks, mwanafiziolojia wa Chuo Kikuu cha Ohio. Swali lenyewe lilikuwa hili: hedhi hukatika kwa sababu ya ukali wa mazoezi, kwa sababu ya upungufu wa mafuta mwilini, au kwa sababu nyingine? Loucks aliwatumia wanawake wasiokuwa wanariadha, wenye hedhi ya kawaida, akawapa mazoezi yaliyopimwa na chakula kilichopimwa kwa siku chache, huku akichukua damu yao kila baada ya dakika 10 ili kuangalia mapigo ya homoni ambayo ubongo huitumia kuviamsha vifuko vya mayai. Waliofanya mazoezi magumu na kulishwa vya kutosha kufidia walichounguza, mapigo yao hayakuyumba sana. Mapigo ya walionyimwa chakula yaliharibika, na yakaharibika ndani ya siku 5 tu, muda ambao mafuta ya mwili hayajabadilika kiasi cha kutajika. Kwa hiyo mwili haukuwa unahesabu mafuta yaliyowekwa ghalani. Ulikuwa unahesabu nishati iliyobaki kwa matumizi yake baada ya mazoezi kuchukua sehemu yake.

Kiasi hicho kinachobaki ndicho wataalamu wanachokiita nishati iliyopo, nacho hupatikana kwa kutoa kalori za mazoezi katika kalori za chakula na kugawanya kwa kilo za mwili zisizo mafuta. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003 Loucks na mwenzake walionyesha kwamba mwili hukaa sawa ukiwa na kilokalori 45 kwa kila kilo hiyo kwa siku, na kwamba chini ya 30 homoni huanza kuvurugika. Hesabu inaweza kufanywa kwa msichana mmoja wa kufikirika mwenye kilo 48, ambaye kilo 40 kati yake si mafuta, na ambaye mbio zake za asubuhi na jioni humgharimu kilokalori 600. Ili afikie kiwango cha 45 anahitaji kula kilokalori 2,400. Akila 1,700, chakula ambacho mwenzake asiyekimbia angekiona kinatosha, anabakiwa na 1,100, sawa na 27.5 kwa kilo, na tayari yuko upande wa hatari. Pengo kati ya mlo wake na mahitaji yake ni nishati iliyomo katika gramu 200 hivi za unga wa mahindi. Hana haja ya kuwa na ugonjwa wa kujinyima ili aanguke shimoni humo. Inatosha asile zaidi ya wenzake, au awahi mazoezi na kukosa uji. Kundi hilohilo la Ohio lilionyesha mwaka 2004 kwamba dalili za ujenzi wa mfupa katika damu nazo hushuka ndani ya siku hizohizo 5, kwa hiyo njaa huupiga mfupa pande mbili, kwa kuondoa estrojeni inayozuia ubomoaji na kwa kupunguza ujenzi wenyewe.

Chuo cha Tiba ya Michezo cha Marekani kilikuwa kimeitisha kikao mwaka 1992, na hapo tatizo likapewa jina la utatu wa mwanariadha wa kike, yaani ulaji uliovurugika, kukosa hedhi na udhaifu wa mifupa vikitazamwa kama ugonjwa mmoja wenye sura tatu. Tamko rasmi lilitolewa mwaka 1997, na lilipoandikwa upya mwaka 2007 kazi ya Loucks ikawa msingi wake, nishati iliyopo ikichukua nafasi ya ulaji uliovurugika. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilipanua maelezo hayo kuwa upungufu wa nishati katika michezo, ikitambua kwamba wanaume pia hupatwa na kwamba moyo, kinga ya mwili na akili haviachwi. Mwaka 2019 Mary Cain wa Marekani, aliyefika fainali ya mita 1500 ya ubingwa wa dunia akiwa na miaka 17, alieleza hadharani kwamba alishurutishwa kupunguza uzito, akakaa miaka mitatu bila hedhi na kuvunjika mifupa mitano. Na yote hayo yalitokea katika nchi ambamo Drinkwater na Loucks walikwisha kuyaandika.

Nchini Kenya historia ilikuja kwa njia nyingine. Wanawake watatu wa kwanza waliiwakilisha nchi hiyo katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, na mwaka 1974 Sabina Chebichi, binti mdogo wa Bonde la Ufa, alipata shaba ya mita 800 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Christchurch. Kuanzia miaka ya 1980 shule za bweni za nyanda za juu, na hasa za Iten, mji ulio mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, zikawa chimbuko la wakimbiaji wa kike kama zilivyokuwa la wavulana. Walianza wakiwa wadogo mno: Lydia Cheromei alishinda ubingwa wa dunia wa mbio za nyika kwa vijana mwaka 1991 akiwa na miaka 13, na Sally Barsosio alipata shaba ya mita 10,000 katika ubingwa wa dunia wa 1993 akiwa na miaka 15. Huo ndio umri ambao mfupa unajaza ghala lake. Tegla Loroupe, aliyeshinda marathoni ya New York mwaka 1994 na kuweka rekodi ya dunia mwaka 1998, alikuwa na umbo dogo, na wageni wengi walilichukua umbo kama lake kuwa siri ya ushindi. Lakini wembamba wa kuzaliwa si wembamba wa njaa, na mizani haiwezi kuutofautisha huu na ule.

Chakula cha wakimbiaji hao kina historia inayostahili kutazamwa kwa karibu. Wakalenjin wa zamani walikula ugali wa wimbi pamoja na mboga za kienyeji kama mnavu, na walikunywa mursik, maziwa yaliyogandishwa ndani ya kibuyu ambacho kuta zake zimesuguliwa kwa mkaa wa mti maalumu mpaka maziwa yakapata rangi ya majivu na harufu ya moshi. Ndiyo maziwa ambayo mabingwa hunyweshwa wanapopokelewa uwanja wa ndege hadi leo. Gramu 100 za wimbi zina miligramu zaidi ya 300 za kalsiamu, madini makuu ya mfupa, ingawa sehemu yake hufungwa na viambata vya nafaka visivyoiachia mpaka unga uchachuliwe. Mahindi yana miligramu chini ya 10. Mahindi yaliletwa pwani ya Afrika Mashariki na Wareno, lakini katika nyanda za Bonde la Ufa yalitawala wakati wa ukoloni wa Kiingereza, kwenye mashamba ya walowezi na katika posho ya vibarua, na mbegu chotara zilizozalishwa Kitale katika miaka ya 1960 zikamaliza kazi. Wimbi likabaki kwenye uji. Hivyo kizazi cha wasichana waliovaa namba za mbio ndicho kilichorithi ugali mweupe, na kalsiamu yake sasa ilitegemea maziwa ya chai, mursik wa nyumbani na sukuma wiki, mboga ambayo, kwa bahati, huitoa kalsiamu yake kwa mwili bila uchoyo.

Mwaka 2004 watafiti waliochapisha kipimo cha mlo wa wakimbiaji hodari 10 wa Kenya, wote wanaume, walikuta kwamba asilimia 76.5 ya nishati yao ilitoka katika wanga, ugali na sukari ya chai vikitangulia, na kwamba nishati waliyoila ilikuwa pungufu ya waliyotumia hata katika wiki ya mazoezi makali kabla ya mashindano. Matokeo hayo yalisifiwa sana ughaibuni kama mlo wa mabingwa, na wachache waliuliza lingekuwaje kwa binti wa shule. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2016 juu ya wasichana wa Iten wenye miaka 16 hivi uliuliza, ukakuta kwamba wakimbiaji walipungukiwa nishati na kukosa hedhi mara nyingi zaidi kuliko wenzao wasiokimbia. Uzito wa matokeo hayo umo katika mahali yalipotoka. Utatu huo ulikuwa umeelezwa kama maradhi ya wasichana wa Magharibi wanaojitazama kwenye kioo, na kumbe huweza kumpata msichana asiyejinyima chochote, anayekula githeri ileile na kiasi kilekile wanachopewa bweni zima, kisha akakimbia kilometa 15 ambazo jikoni hakuna aliyezihesabu.

Pana na ukimya. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki habari za mwezi wa msichana ni za mama, shangazi au bibi, na kocha, ambaye aghalabu ni mwanamume na mgeni kwa ukoo, hana njia ya heshima ya kuziuliza. Msichana naye aliye mbali na nyumbani hana wa kumwambia, na pengine hufurahi kupumzishwa gharama ya sodo. Staha hiyo haina ubaya, na si lazima ivunjwe. Matroni wa bweni, mwalimu wa kike au mkimbiaji mstaafu anaweza kusimama mahali pa shangazi, kama kunga zilivyopokezanwa zamani, mradi ajue kwamba miezi mitatu mfululizo bila hedhi, pakiwa hapana mimba, ni habari ya kupelekwa hospitali, na kwamba maumivu ya muundi yanayozidi kila mbio na kuuma pakibonyezwa mahali pamoja huenda yakawa ni mfupa unaopasuka. Ajue pia kwamba vidonge vya kalsiamu, hata vikinunuliwa kwa wingi, haviokoi mfupa wa mwili wenye njaa.

Makocha wengi wa nyanda za juu huweka daftari ambalo kila jioni huandikwa umbali, muda na mizunguko ya kila msichana. Daftari hilo laweza kuongezewa safu mbili, moja ya mlo na moja ya tarehe za mwezi, hii ya pili ikishikwa na mwanamke anayeaminiwa, na wazazi wanaombwa waulize kama zimo kabla ya kumkabidhi binti yao kambini.